Barolo ya Shamba la Familia: Mwongozo wa Kuchagua, Kutunza na Kufungua Chupa Yako ya Kwanza

Mtu anaponunua Barolo kwa mara ya kwanza, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Kwa nini divai iliyogharimu fedha nyingi kiasi hiki inakausha ulimi na ufizi? Kwa nini rangi yake ni hafifu ilhali kila mtu huisifu kuwa divai nzito? Nitajuaje kwamba familia iliyotajwa kwenye lebo ndiyo iliyolima zabibu hizo, na kwamba sikuuziwa divai iliyonunuliwa kwa matangi na kubandikwa jina la kuvutia? Je, niiweke kwenye friji au nisiiweke? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa utaratibu, tangu dukani hadi mezani, na umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayekunywa kileo kwa kiasi na ambaye hajawahi kufungua chupa ya aina hii.

Nautaja msimamo wangu mapema ili usome yaliyobaki ukiujua: wengi wa wanaosikitishwa na Barolo hawakuuziwa divai mbaya. Waliifungua mapema mno, au waliinywa ikiwa na joto mno, au waliinywa bila chakula. Familia iliyoitengeneza ilisubiri zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuiuza, na mnywaji naye ana sehemu yake ya kusubiri ambayo hakuna mwingine awezaye kumfanyia.

Machache ya kujua kabla ya kuanza

Barolo ni divai nyekundu isiyo na utamu wa sukari, inayotengenezwa kwa zabibu za aina moja tu iitwayo Nebbiolo, katika vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba, mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Eneo linaloruhusiwa kisheria ni dogo: ni vijiji 11 tu, na vingine kati ya hivyo huchangia kipande tu cha ardhi yake. Ilipata daraja la DOC, yaani jina la asili linalodhibitiwa kisheria, mwaka 1966 na daraja la juu zaidi, DOCG, mwaka 1980. Sheria inataka divai hii ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na miezi 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mbao. Inayoitwa Riserva hukaa miezi 62. Kileo chake hakipungui asilimia 13, na siku hizi mara nyingi hufika 14 au 14.5.

Nebbiolo ina ganda lenye rangi kidogo lakini tanini nyingi, na tanini ndiyo inayoleta ule ukakasi mdomoni, unaofanana na wa chai ya rangi iliyochemshwa mno. Ina asidi nyingi pia. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoiwezesha Barolo nzuri kuishi miaka 20, 30 na zaidi, na ndiyo hayo hayo yanayoifanya iwe ngumu ikiwa changa. Nadharia yote utakayoihitaji leo imeishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo

Tafuta kizibuo cha kukunja chenye skurubu ndefu na kisu kidogo. Vile vyenye mabawa mawili pembeni huharibu vizibo vya zamani. Uwe na jagi la kioo lenye tumbo pana, lisilo na harufu ya sabuni wala ya juisi. Glasi kubwa zenye tumbo la mviringo na mdomo uliobana kidogo. Kipimajoto cha jikoni, ambacho wengi hukidharau ingawa kinatatua nusu ya matatizo. Na tochi ndogo au mshumaa ikiwa chupa yako ina umri mkubwa. Kitu cha mwisho ni mahali pa baridi pa kuihifadhi. Kama huna mahali hapo, soma hatua ya tano kabla hujalipa.

Hatua ya 1: Amua utainywa lini

Uamuzi huu hutangulia kwa sababu unabadilisha chupa utakayonunua. Vilima vya Barolo vimegawanyika, kwa jumla, katika pande mbili. Upande wa magharibi, penye vijiji vya La Morra na Barolo, udongo ni wa mfinyanzi wenye chokaa, wa rangi ya kijivu cha samawati, na divai zake huelekea kuwa na manukato mapema na kulainika upesi zaidi. Upande wa mashariki, hasa Serralunga d'Alba na sehemu kubwa ya Monforte d'Alba, udongo una umri mkubwa zaidi na una mawe ya mchanga, na divai zake ni ngumu, nzito na za kusubiriwa. Castiglione Falletto kiko katikati kwa ramani na kwa ladha. Si kanuni isiyovunjika, kwa maana mkono wa mtengenezaji unaweza kugeuza mengi, lakini anayeanza atafaidika nayo: ukitaka kunywa mwaka huu, elekea La Morra, ukitaka kuiweka hadi mtoto wako amalize shule, elekea Serralunga.

Mwaka wa mavuno nao una neno lake. Mwaka 2010 na 2016 ilitoa divai zinazosifiwa sana kwa uwiano na uwezo wa kuzeeka. Mwaka 2014 ulikuwa wa mvua nyingi na baridi, na divai zake ni nyepesi zaidi, jambo ambalo si baya kwa anayetaka kunywa mapema. Mwaka 2017 ulikuwa wa joto na ukame, na 2003 vilevile. Divai za miaka ya namna hiyo huwa na tunda lililoiva sana. Kwa kipimo cha jumla, Barolo ya kawaida huanza kufunguka baina ya mwaka wa 8 na wa 12 tangu mavuno. Chini ya hapo inanyweka, ila utaifanyia kazi zaidi katika hatua ya nane.

*Tahadhari.* Usiifanye Barolo kuwa chupa yako ya kwanza kabisa ya Nebbiolo kama uwezo wako wa fedha ni mdogo. Familia nyingi zinazotengeneza Barolo hutengeneza pia Langhe Nebbiolo, kwa zabibu ile ile, mara nyingi kutoka mizabibu michanga au sehemu za kilima zisizopata jua la kutosha. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya Barolo, inanyweka mapema, na itakuonyesha mkono wa familia hiyo kabla hujatoa fedha nyingi.

Hatua ya 2: Isome lebo ya mbele neno kwa neno

Tafuta mambo manne: jina la mtengenezaji, neno Barolo, maneno Denominazione di Origine Controllata e Garantita au kifupi chake DOCG, na mwaka wa mavuno. Mojawapo likikosekana, iache chupa hiyo.

Baada ya neno Barolo unaweza kukuta jina jingine, kwa mfano Cannubi, Brunate, Bussia au Cerequio. Hilo ni jina la eneo la mashamba lililosajiliwa. Tangu mwaka 2010 yapo maeneo 181 ya namna hiyo yanayotambuliwa kisheria, 11 kati yake yakiwa ni majina ya vijiji vyenyewe. Ukiona neno Vigna mbele ya jina, maana yake ni kipande mahususi zaidi ndani ya eneo hilo.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea sana. Huhitimisha kwamba Barolo yenye jina la eneo ni bora kuliko ile iliyoandikwa Barolo peke yake. Zamani watengenezaji wa Langhe walichanganya zabibu za mashamba mbalimbali ili kila shamba lifunike upungufu wa jingine, na zipo familia ambazo hazijaacha. Mfano ulio wazi ni nyumba ya divai ya Bartolo Mascarello, katika kijiji cha Barolo chenyewe. Hutengeneza Barolo moja tu, kutoka mashamba kadhaa, yakiwemo Cannubi, San Lorenzo na Rué yaliyo Barolo, na Rocche dell'Annunziata lililo La Morra. Lebo haitaji hata moja kati ya hayo, na bado chupa hiyo ni miongoni mwa zinazotafutwa mno duniani. Bartolo alifariki mwaka 2005, na binti yake Maria Teresa ameendeleza utaratibu ule ule: zabibu kuchachuka kwa muda mrefu pamoja na maganda yake, kisha divai kulala katika mapipa makubwa ya zamani.

Mzee huyo alikuwa na msimamo mkali juu ya mapipa madogo mapya ya Kifaransa, yaitwayo barrique, yaliyoingia Langhe kwa kishindo katika miaka ya 1980 na kuipa divai harufu ya vanila. Alichora lebo kwa mkono wake zenye maneno "No Barrique No Berlusconi", akipinga mapipa hayo na mwanasiasa wa Italia, Silvio Berlusconi, kwa pumzi moja. Upande wa pili walisimama vijana kama Elio Altare wa La Morra, ambaye alichukua msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya baba yake, tendo lililowatenganisha wawili hao. Natamani kila anayeanza alijue jambo hili, kwa sababu ladha utakayokutana nayo kwenye glasi ilitokana na ugomvi halisi ndani ya familia halisi. Kwa upande wa manunuzi, funzo ni fupi: muulize muuzaji kama divai ilikaa katika mapipa makubwa au madogo. Ukipenda harufu za waridi, cheri na majani makavu, chagua mapipa makubwa. Ukipenda vanila na ulaini wa mapema, chagua madogo. Siku hizi wengi wamerudi katikati, na uhasama umepoa.

Hatua ya 3: Thibitisha kwamba ni shamba la familia kweli

Geuza chupa usome maandishi madogo. Maneno ya kutafuta ni Azienda Agricola. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, maneno hayo yanaruhusiwa pale tu ambapo divai imetengenezwa kwa zabibu za mashamba yanayolimwa na biashara hiyo yenyewe, na kazi yote ya kutengeneza divai imefanyika humo. Tafuta pia Imbottigliato all'origine, yaani chupa zimejazwa pale pale divai ilipotengenezwa. Ukikuta Imbottigliato da peke yake, ikifuatiwa na jina la kampuni na mji ulio mbali na vilima hivyo, yaelekea unashika divai ya mnunuzi wa jumla. Inaweza kunyweka vizuri, lakini si kitu ulichokuja kukitafuta.

Sina maana kwamba kila anayenunua zabibu ni wa kuepukwa. Zipo nyumba za familia zenye heshima, kama Pio Cesare iliyoanzishwa mjini Alba mwaka 1881, ambazo zina mashamba yao na pia hununua zabibu kutoka kwa wakulima waliofanya nao kazi kwa vizazi. Vilevile kipo chama cha ushirika cha wakulima, ambacho kwenye lebo hutambulika kwa maneno kama Cantina Sociale au Cantina Cooperativa. Suala ni ukweli wa maelezo: ulipe bei ya shamba la familia pale tu unapopata shamba la familia.

Jina la ukoo kwenye lebo halitoshi kuwa ushahidi. Mashamba ya Langhe yamepanda bei sana, na nyumba kadhaa zenye majina ya ukoo zimeuzwa kwa wawekezaji wa nje huku jina likibaki pale pale. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kutafuta nani analima leo, nani anasimamia ghala la divai, na mashamba ni hekta ngapi. Familia ndogo huwa na hekta chache na hutoa chupa maelfu machache ya kila aina. Jina likionekana katika kila duka la uwanja wa ndege, jiulize zabibu hizo zinatoka wapi.

Mwisho, angalia shingo ya chupa. Kila chupa ya DOCG lazima iwe na ukanda wa karatasi wenye nambari, uliochapwa na kiwanda cha serikali ya Italia kinachochapa pia nyaraka rasmi. Ukanda ukikosekana, ukiwa umebandikwa upya, au nambari ikiwa imefutika, usinunue. Barolo za majina makubwa hughushiwa.

Hatua ya 4: Kagua chupa yenyewe

Inua chupa kwenye mwanga. Kiwango cha divai kwa chupa changa kinapaswa kufika shingoni, karibu kabisa na kizibo. Gusa sehemu ya juu: kizibo kilichojisukuma na kuinua kofia ya bati ni dalili kwamba chupa ilipata joto kali. Michirizi ya divai iliyokauka chini ya kofia ni dalili hiyo hiyo. Angalia pia chupa ilikuwa wapi dukani. Iliyosimama dirishani kwa miezi chini ya jua au taa kali usiichukue hata ikipunguzwa bei nusu.

Usiogope rangi. Barolo haina weusi wa divai ya zabibu za Cabernet Sauvignon. Huwa na wekundu wa kokwa la komamanga unaopitisha mwanga, na pembezoni huelekea rangi ya matofali hata ikiwa bado changa.

Hatua ya 5: Ihifadhi ipasavyo

Joto linalofaa ni nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi, lisilopandashuka, gizani, mahali pasipotikisika, na chupa ikiwa imelazwa ili kizibo kibaki kibichi. Nchini Italia familia hutumia maghala yaliyochimbwa chini ya nyumba, ambamo hali hiyo hupatikana bila umeme. Anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat hana bahati hiyo. Chumba kinachokaa kwenye nyuzi 28 hadi 32 huizeesha divai hii upesi na vibaya, na miezi michache inatosha kuondoa manukato uliyolipia.

Kwa hiyo uamuzi ni mmoja kati ya miwili. Ama uwe na friji maalumu ya divai, na umeme wa kutegemewa, au ununue chupa iliyokwisha kufikia umri wake na kuinywa ndani ya wiki chache. Friji ya kawaida ya jikoni inafaa kwa muda mfupi tu, kwa sababu baridi yake ya nyuzi 4 au 5 na ukavu wa hewa yake hukausha kizibo chupa ikikaa humo mwaka mzima. Wanaokaa kwenye miinuko ya baridi wana nafuu, lakini nao wapime joto la kabati lao kwa kipimajoto kwa wiki moja kabla ya kuliamini.

Hatua ya 6: Simamisha chupa na uipoze

Barolo huacha mashapo chini inapokua. Chupa yenye umri wa zaidi ya miaka 10 isimamishwe wima siku moja au mbili kabla ya kufunguliwa, ili mashapo yashuke. Ikiwa imesafiri, ipe angalau wiki moja ya kutulia.

Joto la kunywea ni nyuzi 16 hadi 18. Ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, ulitoka katika nyumba za mawe za Ulaya kabla ya mitambo ya kupasha joto, na sebuleni pa Pwani ya Afrika Mashariki ni ushauri wa kuharibu. Divai yenye nyuzi 28 hutoa harufu ya kileo kitupu. Chupa iliyotoka katika chumba chenye joto iwekwe kwenye friji kwa saa moja hivi au zaidi, kisha ipimwe. Chupa iliyotoka ndani ya friji ya jikoni iachwe nje kwa muda kama huo au zaidi. Ikibidi ukosee, kosea upande wa baridi, kwa maana glasi hupata joto yenyewe. Ila chini ya nyuzi 14 ukakasi unakuwa mkali na manukato hulala.

Hatua ya 7: Fungua bila haraka

Kata kofia ya bati chini ya mdomo wa chupa, kwenye ukingo wa pili, ili divai isigusane na bati inapomiminwa. Futa mdomo kwa kitambaa safi. Ukungu mweusi juu ya kizibo cha zamani ni kitu cha kawaida na hauna madhara. Chomeka skurubu katikati, izungushe hadi ibaki pete moja tu nje, kisha vuta taratibu kwa hatua mbili. Vizibo vya Barolo ni virefu, na skurubu iliyoingia nusu ndiyo sababu kubwa ya kizibo kukatika.

Nusa divai yenyewe, kiasi kidogo ndani ya glasi, kabla ya kufanya lolote jingine. Ikiwa na harufu ya kadibodi iliyolowa au nguo zilizovunda, ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Hatua ya 8: Ipe hewa kulingana na umri wake

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote na inayobadilisha mengi kuliko zote.

Barolo yenye umri wa chini ya miaka 10 imiminwe yote ndani ya jagi lenye tumbo pana, bila woga, na iachwe kwa saa mbili hadi tatu mahali pa baridi. Onja kijiko kimoja kila baada ya nusu saa. Utaona ukakasi ukilegea na harufu ya waridi na cheri ikijitokeza kutoka katika kimya cha mwanzo. Kuondoa kizibo na kuiacha chupa wazi hakutoshi, kwa sababu hewa hugusa duara dogo tu shingoni.

Barolo yenye umri baina ya miaka 10 na 20 ipewe saa moja hivi, ukiionja mara kwa mara, na uipeleke mezani pale inapokupendeza.

Barolo yenye umri wa zaidi ya miaka 20 inataka mkono wa taratibu. Washa tochi au mshumaa chini ya shingo ya chupa, mimina kwa mkondo mwembamba usiokatika ndani ya jagi jembamba, na simama mara tu unapoona wingu la mashapo likifika shingoni. Utaacha kama nusu glasi ndani ya chupa, na usiionee uchungu. Inywe mapema baada ya hapo, kwani manukato ya divai ya umri huo yanaweza kutoweka ndani ya saa moja.

*Tahadhari.* Usiitikise chupa, na usitumie zile pampu za kuingiza hewa kwa kasi kwenye divai ya zamani. Kwa divai changa hazina madhara makubwa, lakini hazichukui nafasi ya saa mbili.

Hatua ya 9: Mimina na uilete pamoja na chakula

Jaza glasi hadi theluthi moja tu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150, na hizo zinatosha watu wanne au watano kwa mlo mmoja.

Barolo haikutengenezwa inywewe peke yake. Tanini hushikamana na protini na mafuta ya chakula badala ya kushikamana na mate yako, ndiyo maana divai iliyokuwa ikikausha ulimi huwa laini ghafla nyama inapoingia mdomoni. Huko Langhe huliwa pamoja na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya divai hiyo hiyo, iitwayo brasato, tambi nyembamba za mayai ziitwazo tajarin, jibini ngumu za milimani, na wakati wa msimu, uyoga mweupe wa ardhini wa Alba ambao hukwaruzwa juu ya chakula kwa vipande vyembamba. Usipopata hivyo, nyama ya ng'ombe au mbuzi iliyochomwa ikiwa na mafuta yake, au mchuzi wa mifupa uliopikwa saa nyingi, hufanya kazi ile ile.

Epuka pilipili kali, kwa sababu huongeza muwasho wa kileo na ukakasi kwa pamoja. Epuka samaki, kwa kuwa divai yenye tanini nyingi na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Tui la nazi nalo, kwa utamu wake, huifanya divai ionekane chungu. Chokoleti, ambayo watu huipenda sana pamoja na divai nyekundu, hapa haifai kabisa.

Mambo yanapokwenda kombo

*Kizibo kimekatika na kipande kimebaki ndani.* Chomeka skurubu upya kwa mshazari ukikiegemeza kipande upande mmoja wa shingo, kisha vuta polepole. Ukishindwa, kisukume ndani na uchuje divai kwa kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni. Ladha haitaharibika.

*Divai inanuka kadibodi iliyolowa.* Hiyo ni kasoro ya kizibo, inayoletwa na kemikali ifupishwayo TCA. Haitibiki kwa hewa. Huzidi kadiri inavyokaa. Haina madhara kwa afya, lakini una haki ya kurudisha chupa. Irudishe ikiwa na divai iliyobaki na kizibo chake, kwa kuwa muuzaji hawezi kuamini chupa tupu.

*Inanuka kiberiti kilichowashwa au yai.* Hapa divai ilikosa hewa tu. Imimine kwenye jagi, ihamishie jagi jingine, rudia mara mbili, kisha ngoja nusu saa. Mara nyingi harufu huondoka.

*Ina harufu ya rangi ya kucha au siki.* Kidogo sana huvumilika katika divai za mtindo wa kale. Ikitawala glasi nzima, divai imeharibika.

*Haina harufu yoyote, ni ukali mtupu.* Kwanza pima joto. Ikiwa chini ya nyuzi 15, ngoja. Ikiwa joto liko sawa na divai ni changa, irudishe kwenye jagi kwa saa mbili zaidi. Ikibaki kimya, ifunike uijaribu kesho. Barolo nyingi changa hupendeza zaidi siku ya pili.

*Ni ya kahawia, ina ladha ya zabibu kavu zilizopikwa, na haina uhai.* Chupa ilipata joto wakati wa usafiri au dukani. Usimlaumu mkulima kabla hujaonja chupa nyingine ya familia ile ile iliyotoka kwa muuzaji mwingine.

*Kuna vitu vigumu vinavyong'aa chini ya glasi.* Ni chembe za tindikali ya zabibu zilizoganda kwa baridi. Hazina madhara; ziache chini.

*Imebaki nusu chupa.* Irudishe kizibo, iweke wima ndani ya friji, na uimalize ndani ya siku tatu au nne ikiwa ni changa, ukiitoa nje kama saa moja kabla ya kunywa. Ya zamani haisubiri kesho. Ikikupita, itumie kupikia nyama kwa moto mdogo kwa saa tatu, pamoja na karoti, kitunguu, seleri na jani la bay, lile la kuungia mchuzi.